Tupige Windows Mpya au Tuiache? Mwongozo kwa Mwenye Kompyuta Kongwe

Kabla hujabonyeza kitu, waondoe washauri wawili mezani. Wa kwanza anaitwa Bado Inawaka. Laptopu yake aliinunua ikiwa imeshatumika, bawaba moja imeshikizwa kwa gundi, na kila akiulizwa habari za usalama wa mfumo anajibu kwamba mashine haijawahi kumsumbua. Kwake yeye kompyuta ikiwaka ni nzima, basi. Wa pili anaitwa Weka Mpya. Huyu hajapata kuona toleo jipya la chochote asilitamani siku hiyohiyo, hata kama kazi yake yote ni kuandika barua za maombi ya kazi na kutazama mpira. Ukimfuata Bado Inawaka utabaki na mashine ambayo mtu asiyekujua, aliye nchi nyingine, anaweza kuingia na kutoka. Ukimfuata Weka Mpya utabaki na mashine inayokuruhusu upike ugali, uule na uoshe sufuria kabla haijafungua ukurasa mmoja. Wote wawili wanakutakia mema. Wapelekee chai barazani, rudi ndani, funga mlango. Humo kwenye mashine mna hesabu za kikundi chenu cha kukopeshana, picha za harusi ya dada yako na nakala ya kila cheti ulichowahi kupewa, na vitu hivyo vinastahili mwamuzi aliyetulia.

Sasa tuseme jambo lenyewe. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea viraka vya usalama kwa utaratibu wa kawaida. Hakuna mashine iliyozimika siku hiyo. Kesho yake zote ziliamka, zikafungua Word, zikacheza muziki, na Bado Inawaka akapita mtaa mzima akitangaza ushindi. Kilichobadilika hakionekani kwa macho. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya Windows 11, na kwa kuwa matoleo haya mawili yana sehemu kubwa ya msimbo wa pamoja, tobo linalozibwa kwenye jipya mara nyingi limo pia kwenye la zamani. Mdukuzi halazimiki kukesha akilitafuta. Anachukua kiraka, anakilinganisha na faili la mwezi uliopita, anaona mistari iliyobadilishwa, na hapo ndipo tobo lilipo. Kwa mashine isiyozibwa tena, kila kiraka cha jirani ni sawa na mtu kupita na kipaza sauti mtaani akitangaza kwamba mlango wako wa uani hauna kitasa.

Anayedhani hizi ni hadithi za kuwauzia watu mashine mpya aukumbuke mwezi Mei wa mwaka 2017. Kirusi cha WannaCry kilisambaa dunia nzima kwa siku chache, kikafunga mafaili ya watu na kudai malipo. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha tobo kilichotumika kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huohuo. Mashine nyingi zilizoumia zilikuwa za Windows 7 ambazo wenyewe hawakuwa wamezisasisha. Zote zilikuwa bado zinawaka.

Kwanza iulize mashine inafanya kazi gani

Swali hili kila mtu huliruka, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Watu huanza na "inaweza kubeba Windows 11?" kabla ya kujiuliza mashine inabeba nini kila siku.

Kuna kompyuta iliyo pembeni ya karakana, haijaunganishwa na intaneti, kazi yake ni kuendesha mashine ya kukata stika au kufungua programu ya zamani ya hesabu za ghala. Hiyo iache ilivyo. Izuie isione mtandao, izuie isilishwe flashi za ovyo, na uiombee uhai mrefu. Weka Mpya akitaka kuigusa mnyang'anye bisibisi.

Halafu kuna kompyuta ya stesheneri. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hatari ilipo kubwa na ndipo watu wanapoifikiria kidogo zaidi. Mashine ya stesheneri hupokea flashi za mtaa mzima kuanzia asubuhi mpaka kufunga. Huskani vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa, hati za viwanja. Wateja huingia humo kwenye barua pepe zao kutoa viambatisho, wengine huacha nywila zimehifadhiwa bila kujua. Mwanafunzi anajazia humo fomu ya mkopo wa chuo, mama mjane anachapia humo barua ya mirathi. Mwenye duka akisema "mimi sina cha kuibiwa", anasema kweli kuhusu yeye mwenyewe tu. Vilivyomo vya kuibiwa ni vya watu waliomwamini wakampa flashi. Kompyuta ya namna hii isiyo na viraka isikae kwenye mtandao hata wiki, na mwenye duka aliyekwishajua hili akaendelea hana udhuru mbele ya wateja wake.

Kati ya hizo mbili ndipo ilipo ya kwako pengine: ya nyumbani, ya kusomea, ya kuangalia salio la benki na kutuma ripoti. Kama inagusa pesa au barua pepe yako kuu, iweke kundi la stesheneri. Barua pepe ndiyo inayofungulia akaunti nyingine zote pale unapobonyeza "nimesahau nywila".

Na kama bado uko Windows 7, mwongozo huu kwako ni mfupi. Viraka vyake vya kawaida viliisha tarehe 14 Januari 2020, na toleo la Chrome la 109 ndilo la mwisho kufanya kazi humo. Tangu 2023 hakuna jipya. Ruka mjadala, nenda sehemu ya Linux huko chini au kaanze kudunduliza.

Soma namba, usimsikilize muuzaji

Ukipita Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utakuta laptopu zilizokwishatumika maofisini Ulaya na Marekani zimepangwa zinang'aa, HP EliteBook, ThinkPad, Dell Latitude. Ni mashine imara na mimi nazipenda kwa dhati. Muuzaji atakupokea kwa wimbo wake: "Bosi, hii ni Core i7, hii ni roketi!" Mwitikie salamu, kisha uinamie namba zinazofuata kistari, maana Core i7 peke yake haikuambii kitu. Prosesa ya i7-4600U ni ya kizazi cha 4 na Windows 11 inaikataa. Ile i3-8130U, ambayo muuzaji huyohuyo ameificha nyuma ya rafu kwa aibu, ni ya kizazi cha 8 na inakubaliwa.

Kwa prosesa za Intel Core mstari umepita hapo, kizazi cha 8 kwenda juu. Upande wa AMD, kwa jumla ni Ryzen za mfululizo wa 2000 na kuendelea. Juu ya hapo Windows 11 inataka kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, uwezo wa Secure Boot, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Kwa laptopu za EliteBook 840, G3 ilitoka na prosesa za kizazi cha 6 na G4 za kizazi cha 7, kwa hiyo zote mbili zimebaki nje ya mstari. G5 mara nyingi ina kizazi cha 8, lakini zipo zilizowekwa cha 7, na muuzaji hatakukumbusha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, usome mstari wa prosesa wewe mwenyewe palepale dukani. Ukiandika tpm.msc utaona kama TPM ipo na ni toleo gani.

Mashine ya kizazi kinachokubalika ikikuambia haina TPM, usiiamini haraka. Mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye menyu ya BIOS, na kwenye bodi za Intel huenda imeandikwa PTT. Kuna watu wameuza kompyuta nzima kwa bei ya kutupa kwa sababu ya swichi moja iliyokuwa imezimwa.

Tena, kukubaliwa si kuchangamka. RAM ya GB 4 iliyoandikwa kwenye masharti inatosha kuwaka, haitoshi kufanya kazi. Weka GB 8. Kama diski yako ni ile ya zamani inayozunguka na kunguruma, badilisha kwanza uweke SSD, kabla hata ya kufikiria mfumo. Hakuna shilingi utakayoitumia kwenye mashine kongwe ikakupa furaha kubwa kuliko hiyo. Wapo waliolaumu Windows kwa miaka wakati mgonjwa alikuwa diski.

Mlango wa nyuma, na nani apite

Mashine yako imekataliwa. Fundi anakuambia kwa sauti ya chini, "Mzee, hiyo tunaipiga kimtindo tu." Anasema kweli. Ipo programu iitwayo Rufus inayotengeneza flashi yenye Windows 11 iliyoondolewa ukaguzi wa TPM na masharti mengine, na laptopu ya kizazi cha 6 itaipokea na kufanya kazi vizuri. Kwa kongwe kabisa, zile za Core 2 Duo, hata mtindo hausaidii: tangu toleo la 24H2 Windows 11 inahitaji maagizo ya prosesa ambayo hizo hazina, haiwaki.

Msimamo wangu ni huu. Kama mashine ni yako, unaielewa, una nakala ya kila kitu na utaisimamia mwenyewe, pita. Microsoft imeshasema mashine zisizotimiza masharti hazina haki ya kudai masasisho, na matoleo makubwa ya kila mwaka mara nyingi utayaweka kwa mkono. Ila kama ni kompyuta za shule, zahanati au za mteja, mlango huo ufungwe. Siku masasisho yakigoma, fundi atakuwa ameshahamia mtaa mwingine, na mwalimu wa kompyuta atabaki na darasa la watoto 60 mbele ya skrini za bluu. Fundi mwenye heshima zake humwambia mteja alichofanya, tena humwandikia kwenye risiti.

Kuhusu Windows iliyochakachuliwa sitapunguza maneno. Ile programu ya kuilazimisha Windows ijione imelipiwa huja na maelekezo ya kuzima kinga ya virusi kwanza. Umempa mtu usiyemjua mamlaka yote ya mashine na ukamwondoa mlinzi kwa mkono wako. Kuanzia hapo mazungumzo ya viraka hayana maana. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi hakukuwa na haja. Laptopu za ofisini zilizotoka kiwandani na Windows 10 kwa kawaida zina ufunguo wa leseni ndani ya bodi yenyewe. Ukipiga upya toleo lilelile, kama ilikuwa Pro ukaweka Pro, ikishaona intaneti inajitambua yenyewe. Na kutoka Windows 10 halali kwenda 11, kama mashine inakidhi, hulipi kitu.

Kununua muda

Kwa aliyekataliwa na hana pesa ya mashine nyingine mwaka huu, ipo njia halali ambayo wengi hawaijui. Microsoft ilifungua mpango wa viraka vya nyongeza kwa watu binafsi, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine iwe na Windows 10 toleo la 22H2, uingie kwa akaunti ya Microsoft, kisha utafute ofa hiyo kwenye ukurasa wa Windows Update. Ukikubali kusawazisha mipangilio yako na akaunti hiyo, ni bure. Usipotaka, ni dola 30 mara moja. Usajili mmoja unaweza kutumika kwenye mashine hadi 10 za akaunti hiyohiyo. Familia yenye kompyuta tatu za urithi imeshapata pumzi hapo.

Taasisi zina bei yake: dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na kila mwaka bei inaongezeka maradufu, kwa miaka mitatu. Elimu imehurumiwa, dola 1 mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu. Mkuu wa shule mwenye maabara ya kompyuta na leseni ya kitaasisi aanze kulipigia simu suala hili kabla ya kikao cha bajeti, maana dola 7 kwa miaka mitatu ni chini ya gharama ya kipanya kizuri.

Ila uelewe umenunua muda, na muda una mwisho. Usiutumie kusahau.

Linux, bila vitisho na bila mahubiri

Mashine iliyokataliwa na Windows 11 haijafa. Bodi yake ni nzima, skrini ni nzima, kibodi ya ThinkPad bado inaandika vizuri kuliko nyingi za leo. Mtu wa Microsoft amechora mstari, na ni haki yake kuuchora, lakini hana mamlaka ya kuigeuza laptopu yangu kuwa takataka. Linux Mint 22 itapata viraka hadi mwaka 2029, ni bure, na ukiiweka kwenye flashi unaweza kuijaribu bila kugusa diski yako hata kidogo. Iwashe, unganisha Wi-Fi, jaribu sauti, kamera na printa. Usipoipenda unachomoa flashi na kila kitu kiko kama kilivyokuwa.

Nasi si wageni huku. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Nauheshimu mradi ule kwa sababu ulianza na mtumiaji wa hapa.

Wahubiri wa Linux, na mimi nawajua, watakuambia hutakosa chochote. Utakosa. Photoshop haimo. Programu ya uhasibu uliyoizoea pengine haimo. Waraka wa Word wenye majedwali mengi ukifunguliwa kwenye LibreOffice unaweza kukaa upande, na faili la Excel lenye makro, kama yale ya kujazia ritani za kodi, linaweza kugoma kabisa. Kwa hiyo orodhesha kazi zako za mwezi mmoja, uzijaribu zote kwa flashi. Anayeandika, anayesoma, anayetumia kivinjari, WhatsApp ya kwenye kivinjari na barua pepe atahamia na kusahau kwamba alihama. Mhasibu wa kampuni asubiri.

Siku ya kupiga

Umeamua. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha fungua mafaili kadhaa kutoka humo uone yanafunguka. Nakala ambayo haijafunguliwa ni tumaini tu. Chukua ile picha ya harusi na lile jedwali la kikundi, uyafungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Fikiria umeme. Laptopu nyingi kongwe zina betri iliyokufa, zinaishi kwa waya. Umeme ukikatika katikati ya kuboresha mfumo, unaweza kuamka na mashine isiyojua jina lake. Azima UPS, au ipeleke palipo na jenereta, na uangalie salio la LUKU kabla, si baada. Fikiria bando pia: faili la Windows 11 lina zaidi ya GB 5, kwa hiyo lipakue mahali penye intaneti isiyopimwa, uliweke kwenye flashi, mlitumie mtaa mzima. Kama Windows 10 yako ni ya biti 32, haitapanda moja kwa moja, kwa kuwa Windows 11 ina biti 64 peke yake. Hiyo ni kupiga upya kuanzia mwanzo, na ile nakala ya diski ya nje ndiyo kila kitu ulichonacho.

Usimwachie fundi mashine ukaenda sokoni. Kaa naye. Windows 11 ikipigwa upya na kuingizwa akaunti ya Microsoft, mashine nyingi hujifunga zenyewe kwa usimbaji, na ufunguo wa dharura, tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika. Fundi akitumia akaunti yake ili amalize haraka, ufunguo wa maisha yako uko kwake. Siku bodi ikileta maneno, skrini itaziomba hizo tarakimu, na fundi atakuwa amebadilisha namba ya simu. Tumia akaunti yako, nywila uandike wewe, na ukimaliza uandike tarakimu zile kwenye daftari linalokaa na hati zako za nyumba.

Ukipandisha kutoka Windows 10 bila kufuta, mfumo wa zamani huhifadhiwa kando na unapewa siku 10 za kurudi ulikotoka kwa kubonyeza mara moja. Zitumie siku hizo kazini. Printi, skani, fungua programu ya hesabu, ingia benki, chomeka modemu, muite mwanao ajaribu kila mchezo wake. Kitu kikigoma siku ya 4, rudi Windows 10, ukajisajili kwenye ule mpango wa viraka vya nyongeza. Siku ya 11 kitufe hicho hakipo tena.